Raijieli na Kijitabu cha Masta Emosi

Sijapata kumwona mtu aliyejua kudharau kama Raijieli. Wengine hudharau kwa hasira, wengine kwa wivu. Yeye alidharau kwa rula. Alikaa chumba cha nyuma cha maktaba yetu pale Labasa, mji wa miwa kisiwani kwetu, mashine ya kupiga chapa mbele yake, mlango wazi makusudi ili asikose upumbavu wowote unaosemwa kwenye meza ya kuazimisha, ambako nilikaa mimi.

Bwana Ramlakhan, mkulima wa miwa, alikuwa mteja wetu wa kila Jumamosi.

"Bidya mwanangu," huniambia, "nipe tena kile kitabu cha nyimbo za bhajan."

Na kabla sijainuka, sauti inatoka nyuma: "Ile ni kaseti, Bwana Ramlakhan! Utaifungua ukurasa wa ngapi?"

"Aa, mama, kitabu, kaseti, si vyote vya maktaba?"

"Na wewe na ng'ombe wako si nyote wa shambani? Mbona wewe hatukufungi kamba?"

Mzee anacheka, anachukua kaseti yake, anakwenda zake. Raijieli hacheki. Kwake lile halikuwa jambo la mzaha.

Alizaliwa huko juu mtoni Dreketi, baba yake mhubiri. Serikali ilimpeleka ng'ambo, Wellington, mwaka mzima kujifunza namna ya kuandika kadi za maktaba, akarudi na kitabu kinene cha kanuni na jozi ya viatu ambavyo hakuwahi kuvivaa nje ya chumba kile. Alichojifunza, kwa kweli, hakikuwa cha ajabu. Ni kwamba kila kitu huelezwa kwa maumbile yake. Kitabu, unahesabu kurasa na kupima urefu wa mgongo. Ramani, unataja kipimo chake. Kaseti, unataja dakika. Tufe la dunia, unapima upana wake na kusema limesimama juu ya mti au chuma. Mtoto yeyote angeelewa, kama anavyoelewa kwamba kuku ana mabawa na samaki ana mapezi. Lakini Raijieli alitembea na elimu hiyo kama mtu aliyeteremshiwa ufunuo. Mumewe, Sailosi, aliyeendesha treni ya miwa ya kiwandani, alituambia nyumbani kwake mtu hawezi kuomba sufuria hivi hivi. Sharti aseme ni ya mfuniko au haina.

Sasa huyo Masta Emosi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtoto wa shangazi yake Raijieli, kwa hiyo binamu yake, na mabinamu wa kwetu hutaniana mpaka kaburini. Kila asubuhi alipita dirishani na mwavuli wake na mkoba wa ngozi ambao ndani, sote tulijua, hamna kitu ila roti, chapati ya viazi.

"Raijieli! Umeshapima mende wangapi leo?"

"Bado mmoja, ndiye huyo anachungulia!"

"Mwenzako ana kiinua mgongo, wewe utabaki na mgongo tu!"

"Pita, pita, kabla sijakubandika namba!"

Hapo ndipo tulipokuwa tukiona meno ya Raijieli. Ningeweza kusema walipendana, lakini huenda walifurahia tu kila mmoja kumpata mtu wa kumdharau bila kulaumiwa.

Masta Emosi naye alikuwa amevimba kichwa si kidogo. Miaka yote ya ualimu alisikilizwa na watoto waliokatazwa kusimama, akadhani anasikilizwa kwa sababu ana la kusema. Alipostaafu akaandika kisa cha maisha yake, akakichapisha kwenye kiduka kinachochapisha kadi za harusi, akatuletea. Alikuja na shati jeupe na sulu ya mifuko, ile sketi ya kiume ya kwetu, iliyopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kanisani kuoa.

"Binamu," alisema, "leo nimekuletea kitabu."

Raijieli alilowesha kidole, akahesabu mpaka mwisho, akafunga.

"Kurasa arobaini na moja. Hiki ni kijitabu."

"Kiji nini?"

"Kijitabu. Kitabu kinaanzia kurasa arobaini na tisa, bila jalada."

"Nani kasema?"

"Dunia."

"Kwa hiyo mtu mfupi si mtu?"

"Ni mtu. Ila hatumpi suruali ya mtu mrefu."

Nilicheka. Masta hakucheka. Nilimwona akitazama kile kitu chake mikononi mwa Raijieli, jinsi alivyokishika kwa ncha za vidole kama nepi. Alikichukua, akaondoka nacho, na kwa majuma kadhaa hakupita dirishani.

Aliporudi alikuwa na chapa mpya. Herufi zilikuwa zimenenepa, picha zimeongezwa, na mwishoni kulikuwa na kurasa tupu zenye maneno juu yake: Kwa Mawazo ya Msomaji. Jumla, kurasa sitini. Jalada lilikuwa gumu na la buluu, na jina lake juu lilikuwa kubwa kuliko jina la kitabu.

"Na hiki?" aliuliza.

"Hiki ni kitabu," alijibu Raijieli kwa upole ambao ulipaswa kumtisha mtu mwenye akili. Masta Emosi hakuwa na hofu hata chembe. Alitoka akipiga mluzi.

Raijieli alifunga mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akachapa kadi. Jioni akaitia kwenye droo. Kesho yake niliisoma. Jina la mwandishi, jina la kitabu, sawa. Halafu chini: Kurasa 60, kati yake 9 tupu. Picha 22, zote za mwandishi. Katika 4 amefumba macho. Sm 21. Chapa ya pili. Ya kwanza ilikuwa na kurasa 41 na maneno yale yale. Jina la mkoa wa Macuata limekosewa kwenye jalada.

"Raijieli," nilimwambia, "hii kadi au kesi?"

"Maelezo yanaruhusiwa. Soma kanuni."

"Yanaruhusiwa ili msomaji akijue kitabu, si ili amcheke mwenyewe."

"Kuna neno la uongo hapo?"

Hapakuwa na la uongo. Ndipo hapo alipojificha. Kanuni zile humwambia mwandishi wa kadi aseme kitu kilivyo, asiseme anavyomwona aliyekileta, na Raijieli alikuwa amepata njia ya kufanya la pili akivaa nguo za la kwanza. Mtu mwenye ujuzi kama ule, kuutumia kuhesabu macho ya binamu yake! Mimi nilimwona mdogo siku ile, na sikuwahi kumwona mkubwa tena.

Habari ilisambaa kwa haraka ambayo vitabu vyetu havikuwahi kuipata. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga maktaba walikuja kuulizia droo. Hawakuazima kitabu, walisoma kadi, wakashikana mabega, wakatoka. Walimu waliinakili. Pale stendi ya mabasi, wauza karanga wakimwona Masta anakuja walifumba macho wote kwa pamoja, wakaendelea kunadi karanga zao gizani. Kamati ya maktaba, ya wenye maduka peke yao, ilikaa kulijadili jambo, ikaamua kwamba ni la kitaalamu, ikanywa chai na biskuti, ikatawanyika.

Ndipo Masta Emosi alipokuja na kaka yake mkubwa, wakiwa na mzizi wa yaqona, ule wa kinywaji chetu cha heshima, uliofungwa gazeti. Walikaa chini sakafuni, katikati ya rafu, kama inavyopasa mtu anapokwenda kuomba. Wasomaji wawili watatu waliokuwepo wakafunga vitabu. Raijieli alitoka chumbani, naye akakaa chini, maana hata yeye alijua hawezi kusimama juu ya vichwa vyao.

Masta alisukuma mzizi mbele, akapiga makofi taratibu.

"Binamu," alisema, "utani nimeuzoea. Uniite mende, uniite nini, nitakujibu. Lakini ile kadi si utani. Mtu akinitania mdomoni namjibu mdomoni. Kadi nitaijibu vipi? Nakuomba uitoe. Andika nyingine, sema ni kijitabu, sema ni karatasi ya kufungia samaki, basi."

"Nionyeshe neno moja la uongo, nitalifuta."

"Hakuna la uongo."

"Basi, Masta. Kanuni haina binamu."

Akausukuma ule mzizi, akamrudishia. "Na maktaba hainywi yaqona."

Nilishusha macho, maana kwetu yaqona ya kuombea hairudishwi. Kaka yake Masta alifyonya kwa sauti, akajizoazoa akainuka. Masta mwenyewe alibaki kidogo akiutazama mzizi kama mtu aliyesahau jina lake. Kisha akauokota, akaukung'uta vumbi.

"Asante, Bi Raijieli," alisema.

Bi Raijieli! Hakuwahi kumwita hivyo maishani. Na kuanzia siku ile hakumwita vingine. Alipita dirishani na mwavuli wake, anainamisha kichwa, "Habari za asubuhi, Bi Raijieli," huyoo. Raijieli alimrushia maneno. Alimwambia mkoba wake unanuka viazi. Alimwambia mwavuli wake una mashimo mengi kuliko kisa chake. Jibu lilikuwa lile lile la heshima, baridi kama maji ya mtungi. Sailosi alimkasirikia mkewe mpaka akahamia kula kwa dada yake kwa muda. "Umemrudishia binamu yako yaqona," alimwambia, "kwa ajili ya picha?"

Mtu angedhani Masta Emosi aliacha kuandika. Watu wa aina yake hawaachi. Mwaka wa tatu alikuja na kitabu kingine, na safari hii kilitoka kwa wachapaji wa kweli wa mji mkuu, Suva. Kurasa mia tatu na kumi na mbili. Nilijaribu kukisoma kwa moyo mweupe. Kilikuwa na kila kiboko alichowahi kumchapa mtoto, na sababu yake, na jinsi yule mtoto alivyokuja kumshukuru baadaye. Sura nzima ilihusu choo cha shule. Nilifika mahali bomba linapounganishwa, nikalala.

Raijieli alikaa nacho siku mbili mlango umefungwa. Alipima. Alihesabu. Alitafuta ukurasa tupu, hakuna. Alitafuta jina lililokosewa, hakuna. Picha ya mwandishi ilikuwa moja, macho yamefumbuliwa. Kulikuwa na ramani, na ilikuwa na kipimo. Kulikuwa na faharasa. Mwishowe alitoka na kadi mkononi, akaitupa mezani kwangu: Kurasa 312: picha, ramani, sm 24.

"Hivyo tu?" niliuliza.

"Kitabu," alisema, kama anayetema mwiba wa samaki.

"Lakini ni kizuri?"

"Ni takataka! Takataka tupu! Onyesha mahali kwenye kanuni pa kuandika takataka."

Hapakuwepo. Kanuni alizoziabudu ziligeuka zikambebea Masta Emosi mizigo yake, kwa utii ule ule, bila hata kuguna.

Kwenye uzinduzi wa kitabu ilimlazimu Raijieli kwenda, ukoo ni ukoo. Alibeba mkeka mpya mabegani, akaukabidhi kuwa zawadi. Masta Emosi alimwona akasimama.

"Bi Raijieli, mtaalamu wetu wa kadi, tafadhali aketi mbele."

Raijieli alijaribu. Alitabasamu mbele ya ukumbi mzima akasema kwa sauti, "Binamu, safari hii umefumbua macho!"

Watu walingoja. Mabinamu wote pale walingoja, midomo tayari kwa kicheko. Masta aliinamisha kichwa.

"Asante kwa kufika, mama. Karibu chakula."

Raijieli alikula palusami yake, majani yaliyopikwa kwa tui, ameketi mbele walikomweka, mgongo umenyooka. Sailosi aliniambia kwamba wakirudi nyumbani kwa gari, walipofika darajani, mkewe aliuliza, "Kwani nilimkosea nini kikubwa hivyo?" Na Sailosi, mtu mpole vile, alimwambia ashuke atembee.

Raijieli alistaafu mwaka uliofuata. Kadi zetu zilipelekwa Suva kuingizwa kwenye kompyuta, na huko mtu asiyemjua yeye wala Masta aliruka maelezo yote ya chini kwa sababu yalimchosha. Ukitafuta sasa, vitabu viwili vya Emosi vinatokea vimefuatana, vyote vya kuheshimika. Cha tatu anakiandika. Mahali pa Raijieli alikuja dada mmoja aliyesoma sana, ambaye kaseti, ramani, vitabu na tufe letu la dunia vyote anaviita rasilimali. Raijieli alikuja mara moja kuazima, akalisikia neno hilo, akamtazama yule dada kutoka unyweleni hadi kwenye viatu, akatoka mikono mitupu.