Kulabu ya Uwesu Ilipoazimwa

Chatu wa Uwesu ana mita tatu na hajawahi kuuma mtu. Hakuna cha mapenzi wala dawa hapo. Ni kulabu tu: kipande cha nondo kilichokunjwa ncha, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Uwesu anauza makufuli Kariakoo. Chatu, ambaye wapiga ngoma humkodi shughulini, anakaa kwenye chumba cha nyuma alichopanga mtaa wa Mchafukoge, ndani ya sanduku alilolipigia misumari humo humo. Kwa miaka minne amemfundisha jambo moja. Mfuniko ukifunguka na kulabu ikamgusa shingoni mara tatu, hakuna chakula, anabebwa tu. Mfuniko ukifunguka bila kulabu, ni kuku. Nyoka hana adabu, ana mazoea.

Wapangaji wenzake walishitaki. Mwenye nyumba, Bi Salma, akasema atakuja Jumamosi: nyoka akitoka kwa utulivu, abaki, la sivyo, Uwesu ahame naye. Chumba kama kile, hatua chache kutoka sokoni, hapati kingine.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Haya, mtoe huyo mdudu wako, nina safari."

Mudi, muuza kuku wa chumba cha mbele, alisimama mlangoni, meno nje. "Bi mkubwa, usiogope. Huyo mpole kuliko sisi wapangaji wako."

Uwesu akafungua, akagusa. Moja. Mbili. Kawaida mguso wa pili chatu hulaza kichwa. Leo alikiinua. Ulimi ukatoka upesi upesi, kichwa kikaifuata ncha ya kulabu, kushoto, kulia, taratibu. Shingo ikajikunja.

Uwesu hakugusa ya tatu. Aliirudisha kulabu polepole, akainusa.

"Mudi. Nani kachukua hii?"

"Mimi, braza. Asubuhi tu. Kuku wawili walijibana mwisho wa tenga, mkono haufiki, nikawavuta miguu. Si nimerudisha?"

"Umeiosha?"

"Nioshe chuma?"

Chatu alikuwa hajala wiki tatu.

"Mnanong'ona nini?" Bi Salma akasogea. "Mtoe basi."

Mkono wa Uwesu ulikuwa umeshafika ukingoni. Akautoa, akafunga mfuniko. Kabla hajatia kufuli, pigo likatoka ndani, mbao zikaruka. Akaulalia mfuniko kwa kifua mpaka kufuli ikalia.

"Kumbe hata wewe unamwogopa."

"Leo, ndiyo, Bi Salma."

"Jumatatu nataka chumba changu."

Sauti ile haikuwa na punguzo.

Jioni aliisugua kulabu kwa sabuni na majivu mpaka ikang'aa. Chuma kilitakata. Aliyekuwa ndani ya sanduku alishajifunza kwamba hata kulabu huja na harufu ya kuku, na kumfundisha upya ni miezi. Akimlisha leo, Jumatatu atabebwa tumbo likiwa zito, atapike akiwa na hasira. Asipomlisha, ni njaa ya siku mbili zaidi.

Akapima mlango kwa kamba, kisha sanduku. Akapima tena. Halipiti.

"Mudi," akaita, "Jumatatu utashika mkia."

"Mkia tu?"

"Kichwa nitashika mimi. Na kuku zako usiwaguse tangu Jumapili."

Mudi alicheka. Uwesu hakucheka. Ndani ya sanduku kitu kilijiburuta kutoka upande wa ukuta, kikasimama upande wa sauti zao.