Lango Nililokataa Kulifungua

Siku ya kwanza kuripoti ranchi, njia ya kwenda Gairo, meneja alisoma barua yangu ya ajira ya afisa mifugo akacheka.

"Mluguru na ng'ombe wapi na wapi? Kwenu si ndizi?"

"Shikamoo, meneja. Ndizi nazijua tayari, ng'ombe nitajifunza."

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Loishiye, Mmasai, mkuu wa wachungaji. Alinionyesha kupima afya kwa kiganja: pitisha mkono ubavuni, ukiweza kuhesabu mbavu bila kubonyeza, ujue mnyama ameanza kuula mwili wake. Chuoni hawakutufundisha hilo.

Ulipokuja ukame mkali, bwawa lilikauka hadi tope likapasuka. Tuliwanywesha ng'ombe maji ya kisima siku moja, tukaruka moja. Ng'ombe wenye mimba niliwaweka kwenye malisho ya akiba, yaani majani makavu tuliyoyazungushia uzio tangu masika. Nilizika ndama mpaka machozi yakaniisha.

Kisha mvua ikanyesha. Siku chache tu, nje ya uzio kote kijani. Meneja akaja anatabasamu.

"Fungua lango, mama. Njaa imekwisha."

"Ndiyo kwanza inaanza kuua. Majani machanga ni maji matupu. Watayakimbilia kutwa, wayadharau makavu, waharishe, waanguke. Nipe wiki mbili."

"Hiyo ni amri."

"Nimeisikia. Ufunguo ninao mimi, na siutoi."

Mzee Loishiye akaja kusimama kando yangu. Meneja akaenda kulifungulia kundi la pili, lililokuwa zizi jingine. Wiki haikuisha, tukawa tunaburuta mizoga yao, majani mabichi yangali mdomoni. Wa kwangu walitoka baada ya wiki mbili, kwa miguu yao, na wakazaa.

Mimi nikapewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, nikahamishiwa stoo ya dawa Kihonda, nisiguse ng'ombe. Iliniuma sana, sifichi.

Nilipokaribia kustaafu, mkuu wa utumishi aliniita.

"Mama, andika mistari miwili ya kuomba radhi, tuitoe hii barua. Uondoke na faili safi."

"Iacheni humo humo," nikamwambia. "Safi ndiyo hiyo."

Sasa naishi Bigwa. Joto kila mwaka linazidi, na wenye vyeo wanabadilika. Lakini mvua ya kwanza ikidondoka baada ya kiangazi, wachungaji wa ranchi hunipigia simu kabla ya kumpigia meneja wao, kuniuliza kama wafungue.

Nawaambia, bado.