Rangi Niliyoyatia Maji Siku ya Msiba

Mkinicheka nitawaelewa, ila mcheke taratibu, maana ndani ya mkasa huu mna maiti, na aliyeniachia aibu hii mpaka leo ni mtu ambaye hakunikemea hata kidogo.

Ilikuwa miaka ile watu wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, nami kijana wa ofisi ya maji Mtwara, nimetumwa kijiji kimoja nyuma ya Mpapura kupima chemchemi. Wanakijiji walikuwa wanataka bomba, lakini kwanza ilibidi ijulikane maji yanakwenda kwa kasi gani na kama yatawatosha. Desturi ni kwamba mgeni wa serikali anaanzia kwa mwenyekiti, anapiga hodi, analetewa kiti, anaulizwa habari za huko atokako, ndipo kazi. Mimi asubuhi ile nikasema aah, nikianza na viti na salamu jua litanikuta mwambani, nikakata moja kwa moja katikati ya mikorosho mpaka kwenye maji. Hapo ndipo nilipojiponza.

Sasa maji yenyewe hayakuwa mto. Yalichuruzika kutoka juu yakateleza kwenye jiwe pana lenye mteremko, membamba kama yale yanayobaki kwenye sahani ukishaisuuza, ndipo yakaingia kwenye kidimbwi wanakochota akina mama. Unene niliupima kwa sindano ya kushonea, nikafaulu, nikajiona fundi. Kasi ndiyo iliyonishinda. Niliweka jani la mkorosho lielee nilifuatilie kwa saa, likaganda palepale (maji yalikuwa membamba kuliko jani!), nikajaribu pumba za mpunga, nazo zikaganda, basi nikatoa kichupa cha ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, nikadondosha punje chache ili niangalie rangi inavyoteremka. Ikateremka mbio, ikafifia kabla sijaisoma saa vizuri. Nikaongeza. Ikafifia tena. Nikamimina kichupa kizima.

Nilichosahau, na nilifundishwa darasani nikiwa macho kabisa, ni kwamba maji membamba namna ile juu yanakimbia, lakini chini, pale yanapoligusa jiwe, yanajivuta kama hayataki kuondoka. Rangi niliyodhani imekwenda zake ilikuwa imelala kwenye jiwe, inajitoa kidogo kidogo, na kidimbwi chote kikawa zambarau.

Ndipo akatokea mama mtu mzima aliyeitwa Bi Somoe na ndoo yake, na nyuma yake akina mama wengine wamejifunga kanga. Akayatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Baba, wewe nani?"

"Mimi bwana maji, mama. Napima kasi."

"Mama yake mwenyekiti amefariki alfajiri," akasema. "Mimi ndiye mwoshaji. Sasa nimwoshe na nini?"

Badala ya kuomba radhi, kiherehere kikanipanda, nikasema ni dawa tu, haina madhara, tazameni, nikachota kwa viganja vyote viwili nikanywa mbele yao. Mama mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Sikukuuliza kama yananyweka," Bi Somoe akasema. "Maji yaliyogeuka rangi hayamtoharishi maiti."

Nikawaambia yatatakata sasa hivi. Tukangoja. Jiwe likaendelea kutoa zambarau yake bila haraka, na adhuhuri inakuja. Mwisho Bi Somoe akakata shauri kwamba waende kwenye kisima cha zamani, kule kwenye mahame, nyumba walizoziacha walipohamishwa. Ni mbali. Nikachukua ndoo, sikuagizwa na mtu, nikawafuata, nikabeba kichwani kama walivyobeba wao, na tulipofika msibani Bi Somoe aliyamimina maji yangu kidogo kwenye kipande cha sanda, akakiinua kwenye mwanga, akakichunguza, ndipo akayapokea. Yale ya wenzangu hakuyachunguza.

Tulizika alasiri, badala ya adhuhuri. Pale kaburini, dua ilipoanza, kila mtu akainua viganja, nami nikainua vyangu. Ile dawa ikishakaa kwenye ngozi hugeuka kahawia, haitoki kwa sabuni wala mchanga. Kati ya viganja vyote vile, vyangu peke yake vilikuwa vichafu, na midomo vilevile, na watu wakaniona. Nilitamani niviteremshe lakini dua haijaisha, nikabaki nimevinyanyua, machozi yananilenga.

Kwenye kupeana mikono ya pole nilijificha nyuma kabisa. Mwenyekiti akanifikia. Nikampa mkono ule ule, nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Nimemchelewesha mama."

Akaugeuza mkono wangu, akautazama, hakuuachia.

"Mimi ndiye niliyemhamisha mama kutoka kule mahameni," akasema polepole. "Mimi ni mwenyekiti, watu wataanzaje kuhama kama mama yangu hajahama? Alikuja. Lakini kila siku aliniuliza, mwanangu, lini tutarudi kwenye kisima changu? Kila siku. Ungepiga hodi asubuhi, tungekuzuia, na leo tungemwosha na maji ya hapa, si ya kisima chake."

Kisha akauachia, akaenda kwa mtu mwingine.

Bomba lilikuja baadaye, na mikono yangu ilitakata yenyewe. Ila tangu siku ile, hata nikitumwa kupima dimbwi la barabarani, naanza kwa mwenyeji, napiga hodi, na nikiletewa kiti nakaa.