Mifuko Kumi na Miwili ya Kulalia

Wifi yangu ni mkataji, na kwenye karakana yetu mkataji ndiye malkia. Sisi wengine tunashona tu alichokata; akikosea yeye, tumekosea sote. Mimi kazi yangu ni zipu. Kaka yangu ndiye aliyemwoa. Kaka amefariki, sasa ni mwaka wa nne, lakini uwifi haufi, kwa hiyo bado tunataniana kama zamani. Mimi namwambia ana ukaidi wa punda, yeye ananiambia mdomo wangu cherehani.

Kipupwe kilipoanza, wapima ardhi wanaopiga kambi milimani waliturudishia mifuko yetu ya kulalia, yote kumi na miwili. Walisema mtu analala na koti na soksi jozi mbili, na bado meno yanagongana. Ilikuwa oda yetu ya kwanza ya mifuko. Miaka yote tumekuwa watu wa mablanketi. Bosi akaitupa juu ya meza ya kukatia.

"Jumatatu nijue kosa liko wapi," alisema. "La sivyo meza hii inapata mtu mwingine."

Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja alisema pamba ni haba, mwingine akazisingizia zipu zangu, nusura nimrushie mkasi. Jumamosi jioni wifi alibeba hema la kuazima na mfuko mmoja, akapanda kilima kilicho nyuma ya matangi ya maji, ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda.

"Twende wote," nilimwambia.

"Wanaoilalia wanalala peke yao, wifi. Nikienda na wewe nitajuaje?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwacha aende, ila usingizi sikuupata.

Kulipopambazuka nilipanda na chupa ya chai. Nilimkuta ameketi ndani ya mfuko, midomo imekauka, macho mekundu. Alikuwa amefanya yote yanayotakiwa. Chini alitandika maboksi tabaka tatu, maana ardhi hunyonya joto kuliko upepo. Alikula akashiba, akavaa soksi kavu na kofia, akaweka chupa ya maji moto miguuni. Hata hema aliliacha wazi kidogo juu, pumzi yake isije ikageuka maji.

"Na bado?" nikauliza.

"Na bado. Pamba haina kosa, na zipu zako hazina kosa." Alipiga funda moja. "Upande niliolala ulipata joto. Upande wa pili ni baridi tupu usiku kucha, na kila nikijigeuza, baridi ile inanifuata. Mfuko ni mpana mno. Mwili mmoja hauwezi kuupasha."

"Kwani ulipimia nini?"

"Blanketi la nyumbani."

Nilielewa, nikatamani nisingeuliza. Blanketi lile walikuwa wakijifunika yeye na kaka. Miaka yote hii analala peke yake, na mkono wake bado unakata vitambaa vya watu wawili, na sisi tumekaa tunashona wala hatuoni. Msibani hakulia mbele za watu. Walisema ana roho ngumu, na mimi nilisema pamoja nao. Pale kilimani aibu ilinishika, nikamshika mkono, nao ulikuwa wa baridi.

Jumatatu bosi alisimama kando ya meza, mikono nyuma. Wifi akamwambia kosa ni upana, akafumua mshono wa kwanza, akachora mstari wa chaki, shibiri mbili kwa ndani. Akashika mkasi, akauweka, akaushika tena.

"Nipe nikukatie," nilimnong'oneza.

"Akiona umekata wewe, meza si yangu tena. Nenda kashone."

Akakata. Vipande virefu vilianguka sakafuni, na hakuviangalia. Alikata mifuko kumi na mmoja bila kupumzika. Wa mwisho ulikuwa ule aliolalia. Aliukunja taratibu, akauweka karibu na mkoba wake.

"Na huo?" bosi aliuliza.

"Wapima ardhi nitawakatia mwingine. Huu nautaka mimi."

"Lakini huo haupati joto, mama."

"Najua," alisema.

Mimi niliinama chini ya cherehani nikajifanya natafuta zipu, nikalia.