Doa Katikati ya Kioo

Runinga ilifika mtaa wa Niboye, jijini Kigali, Jumamosi asubuhi, vijana wawili wakilibeba boksi lake kimshazari ili lipite langoni, na watoto wa jirani wakiwafuata nyuma kama wanaosindikiza bibi harusi. Ilikuwa ya inchi sitini na tano, na jina la kampuni iliyoitengeneza hakuna mtu mtaani aliyewahi kulisikia. Bei yake ilikuwa chini mno. Gahongayire alipoitaja kwa wenzake katika soko la Kimironko, anakoshona nguo, walimwuliza kama alifungua boksi kuhakikisha kuna kitu ndani.

Sebule yao ni ndogo. Ilibidi kabati la vyombo lihamie chumbani na kochi lirudishwe nyuma mpaka likagusa ukuta. Hata hivyo, aliyekaa kwenye kochi hilo aliweza kuhesabu kope za mtangazaji wa habari.

Aliinunua kwa ajili ya mumewe. Johnson Habumugisha ni mtu wa miaka sitini na kitu, dereva wa Fuso la duka moja la vifaa vya ujenzi, mzee mrefu mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde. Kwa miezi mingi alikuwa akiilalamikia TV yao ya zamani. "Hawa ni wachezaji au ni sisimizi?" aliuliza kila timu zilipoingia uwanjani. Gahongayire akaona tatizo ni udogo wa kioo. Nguo inapobana, yeye huongeza kitambaa. Na hapa akafanya vivyo hivyo.

Wote wawili walikulia Karagwe, upande wa Tanzania, wakarudi Rwanda na binti yao Kaliza akiwa bado mgongoni. Kinyarwanda ni lugha yao ya sokoni, ya kanisani na ya mikutano ya mtaa. Lakini wakiwa wenyewe ndani ya nyumba, hasa wakianza kubishana, hurudi kwenye Kiswahili cha Karagwe.

Jioni hiyo Johnson alikaa, akashika rimoti, akaikodolea macho picha.

"Mama Kaliza."

"Abee."

"Wamekuuzia kitu kibovu."

"Kibovu wapi?"

"Huoni doa hili? Hapa katikati. Kama mtu kamwaga chai ikakaukia humo."

Gahongayire alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaitazama picha. Mtangazaji alionekana mpaka poda iliyopita kiasi kwenye pua.

"Mimi sioni doa."

"Basi sindano zimekuharibu macho. Doa kubwa kama sahani! Nilisema mimi, vitu vya bei chee hivi."

Alitaka kucheka, akaacha. Alimkumbuka mumewe mwezi wa tatu, alipokwangua ubavu wa Fuso kwenye nguzo ya lango la mteja. Akasema aliyeijenga nguzo ile karibu na barabara hana akili. Alikumbuka alivyoacha kusoma maandiko mbele ya waumini, kwa sababu Biblia za siku hizi zimechapwa kwa wino hafifu. Kulikuwa na chai iliyomwagwa kando ya kikombe, na kikombe kikalaumiwa. Kulikuwa na Trinah, jirani yao wa mlango wa pili, aliyesalimiwa kwa furaha kubwa kwa jina la mtu mwingine. Hapo kosa lilikuwa la wigi. Kila jambo lilikuwa na mkosaji wake, na Gahongayire aliyaamini yote, moja moja, kadiri yalivyokuja.

Sasa mkosaji alikuwa runinga ya bei chee, kitu ambacho mtaa mzima ungekubali kukihukumu bila kusikiliza mashahidi. Na Jumatatu alfajiri mtu huyu angepanda Fuso lililojaa saruji na kuteremka nalo Kicukiro, saa ambayo watoto wanavuka barabara kwenda shule.

Hakumwambia. Johnson alikuwa dereva kabla hajawa mume wa mtu. Kumwambia kwamba haoni ni kumwambia ashuke kwenye gari, na Gahongayire hakujua mtu gani angebaki akishashuka. Badala yake alimpigia simu Achille, fundi wa duka alikonunua, akamwomba aje kuitazama. Alipokata simu aligundua kwamba anaomba kimoyomoyo doa liwepo kweli.

Achille alikuja Jumapili baada ya ibada, kijana mwembamba wa Kigali mwenye mkoba wa nyaya na Kiswahili cha kuokoteza. Alichomeka flashi nyuma ya runinga, akabonyeza, na kioo chote kikawa cheupe, sebule ikajaa mwanga kama wameezua paa.

"Kwa nyeupe hii, mzee, hata nzi ikitua utaiona. Kama kuna doa, itajificha wapi?"

"Halijajificha! Hilo hapo!"

"Wapi?"

"Na wewe pia? Pale!"

"Nionyeshe na kidole, mzee."

Johnson aliinuka, akaukaribia mwanga ule, akaweka kidole. Achille akainama, akaangalia, akapafuta kwa kitambaa. Hakukuwa na kitu.

"Hapa?"

"Lilikuwa hapo... Hapana. Hapa." Kidole kikahamia kushoto, kisha juu. Kila alipotazama, ndipo lilipokuwa. Achille akabadilisha rangi: nyekundu, kijani, buluu.

"Kijana, unanionyesha bendera za nchi gani? Mimi nimekuita kwa doa."

Achille hakucheka. Alimtazama Gahongayire juu ya bega la mzee, na Gahongayire akaona kwamba kijana ameelewa. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Sawa, mzee," alisema, akianza kukunja nyaya. "Nimeona. Hii tunairudisha, nitakuletea ingine. Waranti iko."

"Umesikia, Mama Kaliza? Fundi mwenyewe kaona! Jana nzima naitwa mwongo ndani ya nyumba yangu."

Alikuwa amefurahi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo, na Gahongayire hakuwa ameiona siku nyingi. Ilitosha aseme asante tu, yaishe. Lakini ingeletwa runinga ya pili, nayo ingekutwa na doa lake, kisha ya tatu, na kati ya hii na ile Johnson angekuwa barabarani.

"Achille, iache," alisema. "Ni nzima."

"Mama..."

"Nimesema ni nzima. Baba Kaliza, geuka. Niangalie mimi."

Alisimama mbele ya runinga, mgongo kwenye mwanga, kisha akaona kwamba hivyo anajitia kivuli, akahamia pembeni, mwanga ukamwangukia usoni.

"Nakuangalia."

"Uso wangu unasemaje?"

"Unasema unataka ugomvi."

"Hiyo ni sauti. Mimi nimekuuliza uso."

Johnson alisogea hatua moja karibu. Aligeuza kichwa kidogo kushoto. Akakirudisha kulia. Aliutazama mlango, akamtazama Achille, akainua kiganja chake mwenyewe mbele ya macho na kukishikilia hapo. Gahongayire alitamani kumwambia basi, inatosha. Hakusema.

"Limekuja kwako," alisema Johnson hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuizoea. "Naona kilemba. Herini naziona. Hapa katikati..." Akanyoosha mkono, na kwa kidole kile kile alichokuwa akionyeshea kwenye kioo akagusa pua ya mkewe, kisha shavu. "Tangu lini sijakuona?"

"Hujakosa kitu," alisema Gahongayire. "Nimezeeka tu."

Achille alikuwa ameinamia mkoba wake akipanga nyaya zilizokwisha kupangwa.

Johnson alikaa kwenye kochi. Baada ya muda alitoa simu mfukoni akampa mkewe. "Nitafutie namba ya bosi." Alipounganishwa alisalimia kirefu, kama kawaida yake, akauliza habari za watoto, kisha akasema, "Kesho mtafute dereva mwingine. Hapana, gari halina kosa. Kosa ni langu. Ni macho." Akasikiliza. "Sijui mpaka lini. Kesho mama ananipeleka kwa daktari, huyo ndiye atakayesema." Hakuna aliyekuwa ametaja daktari. Gahongayire akaitikia kwa kichwa, akakumbuka, akasema kwa sauti, "Ndiyo, nakupeleka."

Achille alizuiwa kuondoka mpaka anywe chai. Alitoa flashi, na mchezo wa alasiri ukawa umeshaanza. Johnson aligundua kwamba akikazia macho kwenye kona ya kioo, majani ya uwanja na miguu inayokimbia vinaonekana kwa pembeni. Lakini akiufuata mpira, unapotea.

"Nani anao?" aliuliza.

Gahongayire, ambaye katika ndoa yake yote hajawahi kumaliza mchezo mmoja, alikaa kando yake. "Mwenye soksi zilizoshuka."

"Wa timu gani?"

"Ya weupe. Anaenda, anaenda... ameanguka. Masikini!"

"Kaanguka au kaangushwa?"

"Nitajuaje? Amekunja uso."

"Amekunja vipi?" aliuliza Johnson. "Wengine wanaigiza, hao. Niambie vizuri."

Gahongayire akasogea karibu zaidi, akautazama uso ule wa kijana wasiyemjua, uliojaa kioo kizima, akaanza kumweleza tangu kwenye nyusi.