Sekunde mbili kwenye kona ya kwenda Ibaba

Tela la mjomba lilipandisha mbolea na mbegu za viazi hadi shambani kwake Ibaba, kwa njia ya mawe isiyopitika kwa gari. Lilikokotwa na maksai wawili, mmoja mweusi na mwingine wa madoa. Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili ya uhandisi, nikataka kuwapunguzia kazi. Kwa fundi wa kuchomelea wa Tunduma nilifunga mota mbili za pikipiki za umeme kwenye magurudumu, betri chini ya sakafu, na kipimo cha mvuto kwenye mti unaounganisha tela na nira. Maksai wakivuta kwa nguvu, mota zisukume, wakilegeza, zizime.

Tulipolijaribu juu ya mawe karibu na nyumbani, mvuto ulikatikakatika, na tela likaenda kwa kushtuka kama mtu mwenye kwikwi. Kwa hiyo niliagiza mota ziendelee kusukuma sekunde mbili baada ya mvuto kukoma. Mwendo ukalainika. Nilijivunia sana sekunde hizo.

Asubuhi ya majaribio ya mlimani mjomba aliniambia, "Huyu wa madoa akifika konani husimama mwenyewe. Usimswage, mpwa wangu. Anavuta pumzi, kisha anaendelea."

"Nani alimfundisha?"

"Mlima."

Mkewe akadakia, "Na huyu mume wangu naye husimama papo hapo. Sijui nani alimwiga mwenzake."

Niliyaandika hayo daftarini, chini ya kichwa "Mengineyo".

Tulipanda vizuri mno. "Leo ng'ombe wanatembezwa kama wageni!" mjomba alicheka. Konani, wa madoa akasimama, na mweusi akasimama naye. Tela halikusimama. Liliisukuma nira hadi pembeni, na ukingo wa tela ukawagonga miguu ya nyuma. Wa madoa alianguka kwa magoti. Swichi ya kuzimia ilikuwa nyuma ya tela. Mimi nilikuwa mbele, nikipiga picha.

Majeraha yalipona. Lakini tangu siku hiyo, akisikia mnyororo wa nira, wa madoa hurudi nyuma na kutikisa kichwa, hata panapokuwa na plau tu na tela halipo. Mweusi hajui kulima na mwingine. Mvua zilikuwa zimekaribia, na hata shamba la kando ya nyumba halijaguswa.

Nilifungua kompyuta nikabadilisha mbili kuwa sifuri. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Mjomba hakuwa amenilaumu, jambo ambalo nimelipima kwa kila namna bila kupata nafuu. Nilienda kumwambia kwamba kosa limerekebishwa.

"Vizuri," alisema, akionyesha zizi kwa kidevu. "Sasa nenda kamweleze yeye."

Kila asubuhi mjomba alimpeleka wa madoa hadi konani, bila nira wala mzigo, asimame tu kisha warudi. Siku yangu ya mwisho kabla ya kurudi chuoni alinipa kamba nimshike mimi. Wa madoa alipofika pale alisimama kama zamani, lakini hakuvuta pumzi. Aligeuza shingo akatazama nyuma, kwenye njia tupu, akaendelea kutazama hata nilipomgusa shingoni.

Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Malawi. "Basi, mrudishe," mjomba alisema.

Tulipofika nyumbani, mkewe alikuwa shambani tayari, akikatua kwa jembe la mkono.