Kanga ya Kufunikia Televisheni

Kanga hii bado inanukia udi. Nimeitoa kwenye sanduku la mama, nikajiona niko ukumbini kwetu, Ijumaa baada ya chakula, madirisha yamefungwa kwa sababu ya jua. Kila tulipotazama filamu mama aliiweka magotini. Watu wakitaka kubusiana tu, aliinuka akaifunika televisheni mpaka wamalize.

Siku ile baba alileta filamu iliyopata tuzo. Alisema inasifiwa kwa kuonyesha mambo ambayo zamani hayakuonyeshwa. Katikati yake mume akaanza kumpiga mkewe jikoni. Hapakuwa na muziki, ni makofi tu na sufuria kuanguka. Sisi watoto sauti ile tulikuwa tukiijua, tukainamisha macho kwenye mkeka.

"Funika," baba alisema.

Mama hakuinuka. Aliikunja kanga taratibu, akaikunja tena.

"Kwani wanabusiana?"

Mlango ulikuwa karibu, lakini baba hakutoka, na sisi hatukuthubutu kutoka kabla yake. Tulikaa hivyo hivyo mpaka mwisho, sote macho kwenye mkeka, baba naye, na mama peke yake akitazama.